Kisima chenye ukuta katikati: uchambuzi wa kisa cha mswada mmoja wa kutisha kutoka Pemba

Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni mwalimu wa skuli ya sekondari kusini mwa Pemba. Amekubali yaliyompata yatumike kufundishia wengine. Jina lake, kijiji chake, skuli yake na kichwa cha hadithi yake nimeviondoa. Hapa namwita Mwalimu Z. Bibi yake, pamoja na mzee mmoja wa kikundini ambaye ni mtambaji wa hadithi, na mhariri aliyeko Unguja, nao wamebaki bila majina. Mimi nilikuwa msomaji tu: kikundi cha waandishi kinachokutana Chake Chake kiliniomba niupitie mswada kila ulipobadilika.

Mwalimu Z. alipokuwa chuoni alikutana na The Bloody Chamber cha Angela Carter, kitabu kilichotoka mwaka 1979. Carter alizichukua ngano ambazo watoto wa Ulaya husimuliwa kabla ya kulala, za binti mwenye kofia nyekundu, za mrembo na dubwana, za tajiri mwenye ndevu za buluu, akazirudisha kwa watu wazima zikiwa na mwili, damu na hofu. Kitabu kile kilimkaa moyoni. Aliporudi nyumbani akawaambia wenzake kikundini kwamba na yeye ataandika ngano ya Kigothi, yaani ya kutisha kwa mtindo wa Ulaya wa majumba ya kale na siri zake, kwa Kiswahili, ya Pemba hasa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu miswada ya namna hii sasa ni mingi, na karibu yote ina ugonjwa mmoja: huchukua kutoka kwa waandishi wa Ulaya vile vitu visivyofanya kazi, na vinavyofanya kazi huviacha palepale.

Mswada wa kwanza

Ilikuwa hadithi ya Ndevu za Buluu iliyohamishiwa Pemba bila kufunguliwa mizigo. Kwa asiyeijua, Charles Perrault aliichapisha Ufaransa mwaka 1697. Tajiri mmoja anaoa binti, anamkabidhi funguo zote za nyumba, anamkataza chumba kimoja tu, kisha anasafiri. Binti anafungua na ndani anakuta maiti za wake waliomtangulia. Ufunguo unamponyoka, unaangukia damuni, na doa halitoki hata akilisugua vipi. Mume anarudi, analiona doa, anachukua upanga. Kaka zake wawili wanawahi kufika na kumuua yule mume.

Katika mswada wa Mwalimu Z. tajiri alikuwa na mashamba ya mikarafuu na kasri juu ya kilima. Palikuwa na ukungu kila usiku, mishumaa kila ukumbi, mbwa mwitu wakilia mwituni, popo wakinyonya damu, mtunza nyumba wa kike aliyevaa gauni jeusi na asiyecheka, na bwana mwenyewe amejifunika koti refu jeusi mpaka miguuni.

Lugha ilikuwa safi mno. Kuna ukurasa mmoja wa mvua za masika ambao hadi leo naukumbuka. Ila hakuna aliyeogopa. Alipomaliza kuusoma, yule mzee mtambaji aliuliza kwa upole: "Mwalimu, kwa joto letu hili, huyo bwana na koti lake mbona hafi kwanza yeye?" Watu wakacheka, na hadithi ya kutisha ikishachekwa imekwisha.

Mengine yalikuwa ya kuangalia tu. Pemba haina mbwa mwitu. Popo inao, tena wakubwa: popo wa Pemba akitanua mbawa hufika mita moja na nusu, na Kidike watalii hulipa kwenda kuwatazama. Lakini huyu hula matunda. Popo wanaonyonya damu wako Amerika peke yake, na waliingia katika mswada huu kwa njia ya Dracula, riwaya ya mnyonya damu ya Bram Stoker, ya mwaka 1897.

Swali lililouvunja mswada hasa lilitoka kwa bibi. Mwalimu Z. alimsomea kurasa chache jioni moja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, na huyo mume, nani aliyemwozesha?" Mwalimu Z. hakuwa na jibu. Katika mswada wake binti alijikuta tu ameolewa, hana mjomba, hana mshenga, hana mahari, hana mtu yeyote aliyekaa barazani akakubali.

Kutafuta kila kitu kilikotoka

Mhariri hakumwambia akate. Alimpa kazi nyingine: aandike pembezoni mwa kila ukurasa, kando ya kila kitu cha kutisha, kilitoka wapi na huko kilikuwa kinafanya kazi gani. Zoezi hilo lilichukua muda mrefu kuliko uandishi wenyewe, na ndilo lililookoa kazi hii. Haya ndiyo aliyoyapata, pamoja na machache niliyomwongezea.

Kasri lilitoka kwa Horace Walpole, aliyechapisha The Castle of Otranto mwaka 1764. Huko, kasri ni nyumba iliyoporwa. Anayekaa ndani si mwenye haki nayo, na maajabu yote, kuanzia kofia ya chuma kubwa ajabu inayomponda mrithi siku ya harusi yake, ni deni la zamani linalodaiwa. Ann Radcliffe, mwaka 1794, alimfungia binti milimani kwa mtu anayetaka mali iliyo mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo, tangu mwanzo, kinachotisha ndani ya kasri ni mirathi, ndoa na mali ya mwanamke. Ukungu ni pambo. Mwalimu Z. alikuwa amechukua ukungu akaiacha mirathi, naye anatoka katika kisiwa ambacho kesi za mashamba ya urithi hazikosekani!

Mtunza nyumba alitoka katika Rebecca ya Daphne du Maurier, 1938. Yule mwanamke anatisha kwa sababu moyo wake wote uko kwa mke wa kwanza aliyekufa, na kila anapomtazama mke mpya anamwona mwizi. Katika mswada, mtunza nyumba hakuwa na moyo kwa mtu yeyote. Alikuwa amesimama tu.

Mke aliyefichwa nyumbani ana ukoo mrefu. Charlotte Brontë alimweka mke wa kwanza darini katika Jane Eyre mwaka 1847, na mahali fulani humo msimulizi anaufananisha ujia wa nyumba ile na kasri la Ndevu za Buluu. Yaani Brontë alijua vizuri anaandika juu ya ngano gani. Mwaka 1966 Jean Rhys, mwanamke aliyezaliwa kisiwani Dominica, alimrudia yule mke wa darini katika Wide Sargasso Sea akampa sauti, kijiji na utoto wa visiwani. Nilimwambia Mwalimu Z. kwamba kati ya wote huyu ndiye jirani yake wa karibu: mtu wa kisiwa aliyeingia katika nyumba ya Kiingereza na kuuliza yule mke alitolewa wapi. Aliandika jina hilo pembezoni, akapiga mstari chini yake, kisha akalisahau. Tutaona baadaye lilimgharimu nini.

Ikabaki kumtazama Carter mwenyewe. Kile ambacho Mwalimu Z. alikiita mtindo wa Carter kilikuwa mkusanyiko wa mikono mingi. Miaka miwili kabla ya The Bloody Chamber, Carter alizitafsiri ngano za Perrault kwa Kiingereza, kwa hiyo alikuwa amezipitia neno kwa neno. Mwaka uleule wa 1979 alitoa kitabu juu ya Marquis de Sade, bwanyenye wa Kifaransa aliyeandika juu ya starehe ya kutesa, na mume katika hadithi yake ya Ndevu za Buluu ni mtu wa tabaka lile na ladha ile. Tangu 1974 alikuwa ameshaandika kwamba anawapenda Poe, Mmarekani, na Hoffmann, Mjerumani, wote waandishi wa hadithi za kutisha. Poe alimpa nyumba inayooza pamoja na ukoo wake. Hoffmann, mtoto anayekua na hofu aliyotiwa na hadithi ya kitandani. Vampaya wake, yaani mfu anyonyaye damu, ametoka katika nasaba ya Le Fanu, aliyeandika Carmilla miaka ya 1871 na 1872, na ya Stoker, ila Carter amemfanya mwanamke aliyeuchoka urithi wake.

Hata ngano zenyewe hazikuwahi kutulia. Perrault alimwacha binti wa kofia nyekundu aliwe na mbwa mwitu, hadithi ikaishia hapo. Ndugu Grimm, katika kitabu chao cha 1812, wakamleta mwindaji amtoe tumboni. Katika chapa ile ya kwanza anayetaka kumuua Theluji Nyeupe ni mama yake mzazi. Chapa ya 1819 ikamfanya mama wa kambo. Ndevu za Buluu yenyewe waliiweka 1812 kisha wakaiondoa. Ngano, kwa hiyo, hubadilishwa kulingana na nani anasikiliza na nani anaona haya.

Hapo mhariri akamgeuza aangalie upande wa pili wa bahari. Mlango uliokatazwa si mali ya Perrault peke yake. Katika Alfu Lela u Lela, darweshi wa tatu anaachiwa milango yote isipokuwa mmoja, naye anaufungua huo mmoja. Janshah naye vivyo hivyo, na kisa cha Janshah kimo ndani ya kisa cha Hasibu Karimu Dini na mfalme wa nyoka, ambacho wazee wa Unguja na Pemba wanakijua bila kusoma. Antoine Galland alianza kuzichapisha hadithi hizo kwa Kifaransa mwaka 1704, Ulaya ikalewa. Mwaka 1786 William Beckford akatoa Vathek, riwaya ya Kigothi ambayo shujaa wake ni khalifa anayeuza roho yake kwa Iblisi. Hofu hii ya Kizungu, basi, ilishakunywa maji ya huku tangu utoto wake.

Tena, hadithi zetu zilichapwa mapema. Askofu Edward Steere alitoa mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna Hasibu, mna nunda mla watu, na mna kisa cha Sultani Darai. Mwaka 1901 Andrew Lang alizitia kadhaa katika mojawapo ya vitabu vyake vya ngano kwa watoto wa Uingereza. Na Carter mwenyewe, katika mkusanyiko wa ngano aliouhariri na kuutoa mwaka 1990, aliweka hadithi ya Kiswahili ya mke wa sultani aliyekonda ndani ya jumba lenye kila kitu, ilhali mke wa maskini amenenepa kwa kulishwa nyama ya ulimi, yaani kwa kusimuliwa hadithi. Mwalimu Z. alipoligundua hilo alikasirika kidogo. Alikuwa amekwenda mbali kumfuata mtu ambaye kumbe alikwishapita kwao.

Tukasoma upya kisa cha Sultani Darai. Maskini anayechakura mtama jaani ananunua paa. Paa anamwoza binti wa sultani, anaua nyoka mwenye vichwa saba, anampatia jumba la nyoka huyo na mali yake yote. Kisha paa anaugua. Bwana, aliye sasa katika hariri, anaamuru apikiwe uji wa mtama mbaya, na hashuki hata kumtazama. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Asubuhi moja bwana anaamka, na yuko jaani tena anachakura. Sioni kilichopungua hapo ili hadithi iwe ya Kigothi: jumba lililopatikana kwa mauaji, kisima chenye maiti, na ukatili unaofanywa na mtu aliyelala kitandani.

Bibi naye alichangia bila kujua. Alipoombwa atambe, alianza kama wanavyoanza wote: paukwa, pakawa, kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia. Tumeyasema maneno hayo tangu utoto bila kuyasikia. Yanazungumzia nyumba ambayo ukuta wake umejengwa kwa jino la mtoto.

Maamuzi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mahali. Kasri la kilimani likaondoka, ikaja ngome ya Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake. Magofu haya ni ya karne ya 15, na mapokeo yanayahusisha na mtawala aitwaye Mkama Ndume, anayesifika kwa ukatili. Kuna kisima kilichogawanywa kwa ukuta. Watu husimulia kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, na kisima kikajengwa hivyo wasionane: mmoja akishuka kwa ngazi, mwenzake akiteka kwa ndoo na kamba. Mwalimu Z. alikuwa amepita pale mara nyingi na wanafunzi wake. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi na nzuri: katika ngano ya Perrault mume ana chumba anachokificha, na hapa mume amejenga ukuta mbele ya macho ya watu wote, kila mtu anaujua, na bado hakuna anayeuliza. Mlango uliokatazwa ukawa ukuta. Msimulizi akawa mke wa tatu.

Mtunza nyumba akageuka kungwi, mwanamke aliyewafunda wake wote watatu na kumwambia kila mmoja maneno yaleyale. Nadhani huu ndio uamuzi bora kuliko yote. Kungwi ana haki ya kuingia chumbani, anajua siri za mwili, na binti amefundishwa kumtii. Anapomwambia mke mpya asiinamie kisima baada ya magharibi, hatujui kama anamlinda binti au anamlinda bwana.

Swali la bibi likapata sura nzima: baraza, mjomba, mahari, na shamba la mikarafuu linalobadilisha mikono jioni ileile. Hamna damu hata tone, na ndiyo sura inayotisha kuliko zote.

Tulipokwama sana ni kwenye sauti ya kisimani. Mke wa tatu anasikia mtu akisema chini ya maji. Mwalimu Z. alitaka kufanya kama Henry James katika The Turn of the Screw ya 1898: msomaji asijue kama mizuka ipo au yaya amepagawa na mawazo yake. Njia nyingine ilikuwa ya Radcliffe, ya kueleza mwishoni kwamba yote yalikuwa na sababu ya kawaida. Njia hii ya pili tunayo nyumbani: Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, anamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, mahali ambapo watu wanautupia lawama mzimu, na Bwana Msa anawatafuta watu. Mwalimu Z. hakutaka upelelezi. Alitaka shaka.

Akaisoma sura hiyo kikundini. Mzee mtambaji akakunja uso. "Sasa Mwalimu unatuuliza kama majini wapo? Surat al-Jinn umeisoma." Hakuwa anabisha. Alikuwa anashangaa kwa nini mwandishi anatumia kurasa kumi kuuliza jambo ambalo kwake si swali. Yeye alikuwa na swali jingine: "Katumwa na nani?"

Wasomaji wa Walpole walikuwa Waingereza wa karne ya 18 ambao wengi wao walikwishaiweka mizuka kando, na walikuwa wakinunua vitabu ili waonjeshwe tena hofu waliyoiacha. Shaka ya James inambana mtu ambaye akili yake inakataa na ngozi yake inakubali. Wasikilizaji wengi wa Pemba hawakuwahi kuiacha hofu hiyo. Kwao kiumbe kuwepo si habari. Habari ni nani kamleta, kwa chuki gani, na je, ni mtu tunayekula naye? Mwalimu Z. akaihamisha shaka. Katika toleo la mwisho sauti ipo, kila mtu ngomeni anajua ipo, hata watumwa wanaamkia wanapopita. Kisichojulikana ni yupi kati ya wale wake wawili aliyeifunga pale, na kama imefungwa dhidi ya bwana au dhidi ya mke mpya.

Mwisho uliandikwa upya zaidi ya mara moja. Perrault anawaleta kaka. Carter anamleta mama, amepanda farasi na bastola mkononi. Mwalimu Z. akamleta mama kwa ngalawa na bunduki, na mhariri akaandika kando: "Huyu mama namjua." Katika ngano nyingine ya ndugu Grimm, Ndege wa Fitcher, dada mdogo hasubiri mtu, anavikusanya viungo vya dada zake mwenyewe na kuwaunga. Hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Mke wa tatu anashuka ngazi, anazungumza ukutani, anajibiwa. Kesho yake mke wa ngazi hachoti, mke wa ndoo hateki, wa tatu hatengi. Bwana anaita maji. Fundisho la mwisho, ambalo Perrault alikuwa akiliweka kwa mashairi, halikuwekwa.

La mwisho lilikuwa jina. Mwandishi aliamua mtawala asitajwe wala Pujini isitajwe. Aitwe Bwana wa Ngome tu. Alihofia kuwaudhi watu wa eneo lile.

Matokeo

Hadithi ilisomwa barazani mbele ya kikundi na wageni. Wanawake waliomba sura ya kungwi irudiwe. Sura za mwanzo, zinazoeleza ngome jiwe kwa jiwe, ziliwapoteza watu. Nilimwona mtu mmoja anatoka kwenda kununua urojo na kurudi, na hakuwa amepitwa na lolote. Jarida moja la bara liliirudisha likisema ni ndefu. Mwishowe ilitoka katika mkusanyiko ambao kikundi kiliuchapa chenyewe kwa nakala chache. Rekodi ya sauti, aliyoisoma Mwalimu Z. kwa simu yake, ilienda mbali zaidi ya kitabu. Walimu waliipelekeana kwa WhatsApp, nikaipata mimi kutoka kwa mtu asiyejua kwamba namfahamu msomaji.

Familia moja inayoishi karibu na magofu ililalamika kwamba mahali pao pametiwa doa. Mwandishi alikwenda kuwaona, akakaribishwa chai, wakazungumza. Hawakukubaliana, lakini waliachana vizuri.

Uchambuzi

Zoezi la pembezoni lilifaa kwa sababu lilimtenganishia mwandishi chombo na kazi yake. Kabla ya hapo aliona kasri, koti na mshumaa. Baada yake aliona mali iliyoporwa, utiifu uliogawanyika na deni la wafu, na hivyo vyote Pemba vipo bila kuagizwa. Namshauri kila anayeandika ngano ya namna hii alifanye, na asiishie kwa mwandishi mmoja anayempenda. Anayemwiga Carter peke yake atapata ngozi ya Carter. Anayekwenda mpaka kwa Perrault, Radcliffe, Hoffmann na Galland anaona Carter alikuwa akifanya nini, na anaweza kufanya vivyo hivyo kwa Steere na kwa bibi yake.

Kuhamisha shaka ndilo jambo lililo jipya katika kisa hiki, na sijaliona likizungumzwa vya kutosha kwetu. Hofu ya Kigothi ya Ulaya humfungia mtu ndani peke yake na mawazo yake. Kumbukeni 1995, hofu ya Popobawa, kiumbe kinachosemekana kuwavamia watu usiku majumbani, ilipotanda Pemba na Unguja: watu walitoka majumbani, wakalala nje kwa makundi. Hofu ya hapa ina watu wengi ndani yake, na huanza kwa kuangaliana. Mwandishi anayemweka shujaa wake peke yake kwenye ukumbi mtupu anaandika hofu ya watu wengine. Mke wa tatu kisimani anatisha kwa sababu nyuma yake kuna jumba zima linalojua na kunyamaza.

Kuhusu sura za mwanzo, Poe anaweza kuanza na nyumba, kurasa kadhaa za kuta na madirisha, kwa kuwa msomaji wake yuko peke yake na kitabu. Mtambaji hawezi, anaanza na mtu na tendo, na nyumba huja pale mtu anapojigonga nayo. Mwalimu Z. alijua kazi yake itasomwa kwa sauti, na bado aliandika mwanzo wa kitabu. Alikuwa na ufunguzi mikononi, ule ukuta wa jino, akaufukia katika sura ya tano.

Kuficha jina hakukumsaidia. Kisima chenye ukuta kiko kimoja, na kila msikilizaji alikijua kabla ya ukurasa wa pili. Kwa kuficha alikosa vitu vya kweli ambavyo vingemfaa, kama chumba cha chini ya ardhi cha ngome ile chenye nakshi ya siwa, lile baragumu la watawala, ukutani. Malalamiko yakaja vilevile. Kama angekwenda kwa ile familia kabla ya kuandika, huenda angeondoka na hadithi ya ziada badala ya kikombe cha chai peke yake.

Kosa kubwa zaidi ni mke wa kwanza. Ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wote, ndiye aliyeuona ukuta ukijengwa, na katika toleo lililochapwa ni sauti inayosema ndiyo na hapana. Hapo ndipo Jean Rhys alipohitajika. Mke wa tatu anapata uhuru wake kwa kuutumia uchungu wa mwanamke ambaye hatumjui, jambo ambalo Brontë naye alilifanya kwa mke wa darini. Nilimweleza hivyo Mwalimu Z., na safari hii hakubisha.

Toleo jipya analoliandika sasa linaanza na fundi anayepanga mawe kisimani, na mke wa kwanza amesimama juu anamuuliza ukuta ni wa nini. Ngome haielezwi mpaka mtu apite. Jina la Pujini limerudi. Kungwi bado ana maneno mengi kupita kiasi. Hayo mwandishi amekataa kuyapunguza, na mhariri ameshachoka kumwomba.